Kioevu cha Urithi cha Kina Walker

Baraza la Mji wa Ravensclough lina heshima kubwa ya kuwatangazia wakazi wote, wapangaji, wageni wa kudumu, na hata wale wanaopita tu kuelekea Leeds, kwamba kuanzia Jumatatu mji huu utakuwa Makao Makuu ya Dunia ya Jina la Walker.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa maktaba, kwenye kituo cha basi na, kwa kuwa gundi ilibaki, kwenye dirisha la duka la samaki na chipsi. Aliyelibandika alikuwa Herbert Tordoff, Katibu wa Baraza, mtu mwembamba mwenye tai ya rangi ya uji, ambaye katika utumishi wake wote hajawahi kusema "hapana" mahali ambapo "suala hilo linafanyiwa kazi" lingetosha.

Mji ulistahili. Ravensclough umebanwa katikati ya vilima viwili na mvua ya Yorkshire, na ukiita "Bwana Walker!" sokoni, nusu ya soko inageuka na nusu nyingine inakuuliza unamtaka yupi. Yupo Walker wa nyama, Walker wa mazishi, Walker aliyemkimbia mke wake na Walker aliyemkimbilia. Herbert, kwa kuwa Tordoff, alihesabiwa mgeni, ingawa babu wa babu yake kazikwa hapo hapo nyuma ya kanisa.

Wazo lenyewe lilikuwa la Mwenyekiti, Diwani Reginald Walker, mtu wa tumbo kubwa na sauti kubwa zaidi. Kila Jumapili alihubiri katika kanisa la Wamethodisti. Alikula kiapo cha kutogusa pombe akiwa mtoto wa kaptura, na hakuna wiki iliyopita bila watu kukumbushwa jambo hilo. Kwa kuwa "walker" kwa Kiingereza ni mtembeaji, tangu utotoni aliamini kwamba kina Walker wa kwanza walikuwa mashujaa waliozunguka misitu ya mfalme na mikuki begani. Ili mikuki hiyo ipate mhuri wa kitaalamu, baraza lilimwagiza msomi mmoja wa chuo kikuu aandike ripoti juu ya chimbuko la jina na mtawanyiko wake. Herbert akaisoma mbele ya kikao.

"'Walker ni jina la kazi,'" alisoma. "'Walker wa kale alikuwa mkanyaga nguo. Kitambaa cha sufu kikishafumwa kilitiwa ndani ya pipa, naye akapanda juu yake miguu mitupu, akakikanyaga kutwa nzima mpaka mafuta ya kondoo yatoke na nyuzi zishikane.'"

"Kazi ya jasho," alisema Mwenyekiti, akiiaga mikuki kiume. "Kazi ya heshima. Pipa la maji."

"La mkojo, Mheshimiwa."

Mtu mmoja alirudisha biskuti yake kwenye sahani.

"Hebu soma tena."

"'Mkojo uliochacha, uliokusanywa nyumba hadi nyumba.'" Herbert alifunua ukurasa kwa heshima. "Kuhusu mtawanyiko, Mheshimiwa: mkanyagaji wa kaskazini aliitwa Walker. Wa kusini mashariki aliitwa Fuller. Wa kusini magharibi, Tucker. Kazi moja, pipa moja, harufu moja. Tangu hapo wamesambaa hadi Australia, Kanada na Barbados, ambako wengi hawajui asili yao, na mwandishi anashauri wasiambiwe ghafla."

Mwenyekiti alikuwa amekwisha kunyoosha mkono ili ripoti ipelekwe kwenye kabati la mambo yanayofanyiwa kazi. Lakini mkono ulisimama hewani.

"Hao kina Fuller wa kusini wana nini?"

"Wana jumba la makumbusho, Mheshimiwa. Serikali inawapa ruzuku kila mwaka. Juzi wamefunguliwa mkahawa."

"Na mkahawa?"

"Na mkahawa."

Diwani Walker alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Mabibi na mabwana," alisema, "watu wa kusini wametuzidi reli, wametuzidi jua, wametuzidi mishahara. Kwa mkojo, hapana! Hawatuwezi!"

Hoja ilipita kwa kauli moja, na mwenye biskuti akaila.

Kilichofuata kilikuwa utekelezaji, na katika utekelezaji Herbert alikuwa nyumbani. Kwanza neno "mkojo" lilifutwa katika nyaraka zote, mahali pake likawekwa "Kioevu cha Urithi". Kila nyumba ilipewa jagi jeupe la bati lenye kifuniko, na kibandiko cha kufungwa kwa kamba chenye jina la nyumba. Majagi yangewekwa mlangoni kila Ijumaa alfajiri, nalo baraza lingeyapitia kwa mkokoteni. Idara ya Usafi ilitaka kujua kama kazi hii ni ya pipa la taka la kijani au la kahawia, na mpaka leo suala hilo linafanyiwa kazi.

Halafu yakaja madaraja. Mabonde yale yana kumbukumbu ya zamani kwamba wakanyaga nguo waliupenda mkojo wa watu wa kanisa kuliko wa walevi, kwa kuwa wa mnywa bia ni mwepesi na hauondoi mafuta. Mwenyekiti aliikumbatia kumbukumbu hiyo kwa mikono miwili. Daraja la Kwanza likawa la wasiokunywa kabisa, la Pili la wanaokunywa kwa adabu, la Tatu la waliobaki. Kisha akaandika mwenyewe, kwa mkono wake, Kifungu cha Saba: jengo lolote litakalothibitika kuwa chanzo cha Daraja la Kwanza litalindwa milele, halitavunjwa wala kubadilishiwa matumizi. Nyumba ya Mwenyekiti ilikuwa imeongezwa kibanda cha vioo bila kibali, na wapimaji walikuwa wameanza kuizungukazunguka.

Kituo cha Urithi nacho kilihitaji kiwanja. Mwenyekiti alipendekeza baa ya Manyoya ya Dhahabu ivunjwe. Baa, alisema, ni Daraja la Tatu kwa maumbile yake.

Hapo ndipo Herbert alipoumia.

Manyoya ya Dhahabu ilikuwa baa ndogo yenye dari la chini na moto wa makaa, na mwenyewe alikuwa Hilda Walker, mjane asiyekuwa na udugu wowote na Mwenyekiti, jambo ambalo wote wawili walilisisitiza. Hilda alimwita kila mtu "mpenzi", hata msoma mita. Lakini Herbert, Hilda alimwita kwa jina lake, Herbert. Tangu mke wake afariki, hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyemwita hivyo. Ofisini alikuwa Katibu, barabarani Bwana Tordoff, na nyumbani hakuitwa na mtu. Kila jioni alikaa kwenye kiti kilekile karibu na korido ya nyuma, mbele ya glasi ndogo ya bia nyeusi, akisubiri kuulizwa "Vipi leo, Herbert?" Sasa alikuwa ameagizwa kuandaa hati ya kuvunja mahali hapo, na aliogopa. Hakujua kuogopa kunaandikwa wapi, basi alikaa nako.

"Yaani," alisema Arnold Jagger, fundi bomba, akigonga glasi yake kaunta, "nalipa kodi ya maji taka kila mwaka yaondoke kwangu. Leo baraza linanifuata mlangoni na jagi kuniomba hayo hayo?"

"Ni Kioevu cha Urithi, Arnold," alisema Herbert.

"Kioevu cha nini? Mimi nakojoa, bwana. Babangu alikuwa anakojoa. Hatujawahi kurithishana."

Baa ilicheka. Hilda hakucheka sana. Alikuwa amesimama nyuma ya kaunta na kikombe chake cha chai, akichukua kwa uma kipande cha bitiruti, kile kiazi chekundu, kutoka kwenye chupa ya siki. Bitiruti alikuwa anazilima mwenyewe nyuma ya baa, na alizila asubuhi, mchana na jioni, vidole vyake vyekundu mwaka mzima.

"Herbert, niambie ukweli. Watanivunjia?"

"Inategemea tathmini," alisema Herbert. Kisha akainama, akashusha sauti, kwa kuwa aliyokuwa anataka kusema yalikaribia kuwa maoni. "Hilda. Wewe umewahi kuonja hii bia unayouza?"

"Mimi? Baba alikunywa nyumba yetu mpaka ikabaki ngazi. Sijagusa tone."

"Basi Ijumaa weka jagi lako nje," alisema Herbert, "na usiwe na wasiwasi." Alikuwa amekisoma Kifungu cha Saba vizuri kuliko mtu aliyekiandika, na usiku ule bia ilishuka vizuri.

Kulikuwa na jambo moja aliloliacha nje ya hesabu. Alhamisi, watu wakiwa na kelele za mchezo wa vishale, mlango wa nyuma wa baa ulifunguka na mtu mwenye tumbo kubwa akaingia kwenye korido, kofia imemfunika macho. Hilda alimpelekea glasi bila kuulizwa. Ilikuwa wiski ya Uskoti, kutoka kwenye chupa pekee ya aina hiyo hapo baa. Mtu huyo aliiita dawa ya kifua, na kifua chake kilihitaji dozi kadhaa. Herbert alikaa mita moja kutoka hapo, na alikuwa akimwona kila Alhamisi kwa miaka. Lakini jambo ambalo halijawasilishwa kwa maandishi, kwa Herbert, halijatokea.

Ijumaa alfajiri, akisukuma mkokoteni wa majagi, alimkuta Mwenyekiti anatoka kwenye kichochoro cha nyuma ya baa. Koti lake lilikuwa limevimba ubavuni, na chini ya koti kitu kilikuwa kinasema chwa, chwa.

"Habari za asubuhi, Tordoff. Natembeza mbwa."

Herbert alitazama kushoto, akatazama kulia. "Mheshimiwa hana mbwa."

"Ndiyo maana natembea polepole."

"Vizuri, Mheshimiwa," alisema Herbert, na kila mmoja akaendelea na shughuli zake.

Tathmini ilifanyika siku hiyo hiyo katika ukumbi wa kanisa, mbele ya umma, pamoja na chai. Katikati ya ukumbi lilikaa pipa kubwa la mbao, tayari kwa mkanyago wa kwanza. Kifungu cha Tisa, nacho cha mkono wa Mwenyekiti, kilisema Walker atakayepata daraja la chini kuliko wote ndiye atakayepanda kukanyaga, ili ajirekebishe. Mpiga picha wa gazeti la wilaya alikuwa amekwisha kupima mwanga. Kando yake meza ilikuwa imejaa sandwichi za ham, keki na bakuli la bitiruti ya siki, maana hakuna chai ya kanisa katika bonde lile isiyokuwa na bitiruti.

Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Madaraja alikuwa Bi Enid Sugden, mwalimu mstaafu wa upishi, ambaye pua yake ilijulikana hadi Halifax. Alifunua kila jagi, akanusa, akatumbukiza fungu la sufu yenye mafuta, akalipekecha, akatamka. Walker wa mazishi, la Pili. Walker wa nyama, la Pili, "na upunguze chumvi, Cyril." Arnold Jagger alipata la Tatu, akapiga saluti.

"Manyoya ya Dhahabu," alisoma Herbert kibandiko, na sauti yake ilipanda kidogo kwa furaha.

Bi Enid alifunua. Akanusa. Akarudi nyuma hatua moja. "Wiski," alisema. "Ya Uskoti. Tena ya bei." Aliinua sufu, ilining'inia na mafuta yake yote. "La Tatu. Chini ya la Tatu, kama kungekuwa na la Nne."

"Haiwezekani," alisema Hilda.

"Mama, pua haisemi uongo," alisema Mwenyekiti kwa huruma kubwa, mikono juu ya tumbo. "Tunakuombea. Katibu, andika: baa ivunjwe. Na Bi Hilda avue viatu."

Herbert alishika kalamu. Haikuandika. Alimtazama Hilda akiinama kufungua kamba za viatu kwa vidole vyake vyekundu, na moyo wa Herbert ukavunjika hadharani, mbele ya sandwichi. "Mheshimiwa," alisema, "utaratibu unataka majagi yote yamalizike kwanza. Limebaki moja. La kwako."

"Ni kutimiza utaratibu tu," Mwenyekiti alikaribia kusema, lakini alikuwa mhubiri, akasema, "Na lifunuliwe, watu waone."

Bi Enid alifunua kifuniko. Akatazama ndani. Akavaa miwani. Akatazama tena.

"Reginald," alisema, "ni la waridi."

Ukumbi mzima ulisogea. Kweli, Kioevu cha Urithi cha Mwenyekiti kilikuwa na rangi ya waridi, nzuri, kama gauni la msimamizi wa bibi harusi.

"Damu!" alipiga kelele Walker wa mazishi, akinyanyuka kwa haraka ya kitaaluma. "Mzee anakufa! Iteni gari la wagonjwa!"

"Siumwi!" alinguruma Mwenyekiti. "Sijawahi kuumwa! Ni… ni bitiruti. Nilikula bitiruti."

"Wewe?" Bi Enid alivua miwani. "Kila chai tangu tukiwa Shule ya Jumapili unanirudishia sahani. Unasema bitiruti inakuvimbisha ulimi."

"Nimepona."

"Lini?"

"Jana. Kwa maombi."

Bi Enid hakubishana na maombi. Alitumbukiza sufu katika jagi la waridi, akaipekecha, akainyanyua. Ilitoka safi, nyepesi, bila tone la mafuta, na uwaridi kidogo. Minong'ono ya heshima ilipita ukumbini. "Daraja la Kwanza," alisema. "La juu kabisa nililowahi kunusa. Ila siwezi kulitia mhuri mpaka nijue limetoka kwa nani." Alichukua bakuli kutoka mezani, akachoma kipande kinene kwa uma, akamnyooshea. "Karibu, Reginald. Si umepona?"

Mwenyekiti aliutazama uma. Alikitazama kibanda chake cha vioo, kwa jicho la moyoni. Akaitazama baa, jumba la makumbusho, mkahawa. Halafu akafumba macho, akala. Akala na kipande cha pili, kwa kujiamini.

"Mnaona?" alisema. "Hakuna kitu. Mimi ni mthima kabitha. Thijambo… thi… mmmf."

Ulimi ulikuwa umejaa mdomo. Ncha yake ilichungulia nje, ikakataa kurudi. Muuguzi mstaafu aliyekuwa akigawa keki alikuja, akaupapasa na kijiko, akasema hauna hatari yoyote, utashuka wenyewe kabla ya ibada ya Jumapili.

"Basi hakuila jana," alisema Bi Enid, akigeukia umma. "Jana alitusomea bajeti saa nzima, kila neno lilisikika. Bahati mbaya." Akaliinua jagi. "Hili ni la nani?"

"Langu," alisema Hilda, kiatu kimoja mkononi. "Mimi nakula bitiruti mpaka naziota. La kwangu siku zote ni la rangi hiyo. Na hilo la wiski si langu, mpenzi. Wiski ninayo chupa moja tu, na wa kuinywa ni mmoja tu."

Watu wote, kwa adabu, walimtazama mtu mmoja.

"Mmmf!" alisema Mwenyekiti. "Mmmmf mmmf!"

Herbert Tordoff alijihisi anasimama. Kichwa kilikuwa chepesi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na kitu cha kusema, na jambo la ajabu ni kwamba chote kilikuwa kimo ndani ya utaratibu.

"Waheshimiwa," alisema, "vibandiko vya majagi mawili vimebadilishana mahali. Nawasilisha kwamba visahihishwe. Chini ya Kifungu cha Saba, Manyoya ya Dhahabu ni chanzo cha Daraja la Kwanza, na inalindwa milele. Nyumba ya Mheshimiwa Mwenyekiti ni chini ya la Tatu, kwa hiyo hailindwi, na ina uwanja mpana. Kituo cha Urithi kitajengwa hapo, kuanzia kwenye kile kibanda cha vioo. Kanuni zinampa Mwenyekiti haki ya kupinga, kwa sauti, kwa maneno yanayoeleweka." Alimgeukia. "Je, Mheshimiwa ana pingamizi?"

"Mmmmmf!"

"Halikueleweka. Nauliza mara ya pili. Je, Mheshimiwa ana pingamizi?"

Mwenyekiti alipunga mikono yote miwili. Arnold Jagger alimpungia naye.

"Kanuni haitambui mikono. Mara ya tatu na ya mwisho."

"Thi… thith… mmmf!"

"Hakuna pingamizi," alisema Herbert. "Imepita."

Hilda alivaa kiatu chake. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na alipompita Herbert alimshika mkono mbele ya watu wote, akauacha na doa la siki.

Kilichobaki ni Kifungu cha Tisa. Walker wa nyama na Walker wa mazishi walimsaidia Mwenyekiti kuvua soksi, wakamkunja suruali mpaka magotini, wakampandisha ndani ya pipa, ambamo madaraja yote yalikuwa yameshamiminwa kwa usawa. Miguu yake ilikuwa myeupe sana. Mpiga picha alimwomba atabasamu, na ulimi ukamfanyia kazi hiyo. Akakanyaga. Kitambaa kikasema chwa, chwa, na watu wa Ravensclough, ambao hawajashangilia kitu tangu timu yao ya kriketi ilipopata nyasi mpya, walisimama juu ya viti.

Kumbukumbu za kikao zilisambazwa Jumatatu. Katika ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka, Katibu alikuwa ameandika: Mwenyekiti alifunga kikao akiwa ndani ya pipa, akatoa neno refu la shukrani, na baraza likaafiki kila alichosema.